Bi Mkubwa Alivyoanza Kunywa Mafuta ya Chipsi

Mtaa mzima ulimwita Honi, na si kwa sababu ya sauti yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kuvuta hewa ya wenzake. Jina lilitoka kwenye lori la kwanza aliloliendesha, ambalo breki zake zilishika zikipenda na taa ziliwaka zikikumbuka, lakini honi ilikuwa nzima kama imetoka kiwandani asubuhi ileile. Basi akawa anakatiza mjini mkono uko kwenye honi tangu anaondoka hadi anafika, watu wanarukia mitaroni, na mzigo unafika salama.

Lori lile halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, mtoto wa kwanza wa nyumba yao, bwana aliyekuwa na malori matatu, meza moja, na rundo la kadi zilizoandikwa "Mkurugenzi" kwa herufi za dhahabu. Mkurugenzi aliamini kwamba tofauti kati ya mtu mwenye malori na kampuni ya usafirishaji ni sare. Kwa hiyo madereva wake walivaa ovaroli za rangi ya machungwa zilizoshonwa neno "DEREVA" kifuani, ili mtu yeyote akimkuta mmoja wao nyuma ya usukani asije akadhani ni daktari wa meno. Kila asubuhi walipangwa mstari uani wakakariri dira na dhamira ya kampuni, iliyotungwa na mtu aliyewahi kupanga chumba karibu na chuo kikuu.

Hayo yote Honi aliyavumilia. Alichoshindwa kukimeza ni kimoja: wakati wa chakula, nyumbani kwa kaka yake, mbele ya wageni, Mkurugenzi alimnyooshea kijiko na kusema, "Na huyu ni dereva wangu." Hakusema mdogo wangu. Wageni walimwangalia Honi kwa huruma, kisha wakamwangalia mwenye nyumba kwa heshima, mtu mwema kiasi gani huyu, anakula meza moja na dereva. Honi akawa anatafuna huku chakula hakina ladha.

Siku aliposikia kiwanda cha vigae kilichofungwa kinauza mali zake, alikwenda na akiba yake yote akanunua lori ambalo wenzake walilikwepa hata kwa macho. Lilikuwa limekaa bandani miaka na miaka. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva, na mmoja alikataa kabisa kuhama, ikabidi anunuliwe pamoja na lori. Honi alilivuta hadi nyumbani, akalisafisha, akalipaka rangi ya bluu, akalibadilishia betri na matairi, na siku lilipokohoa na kuwaka alilia machozi ya wazi mbele ya majirani. Akaliita Bi Mkubwa.

Mkewe alisimama mlangoni mikono kiunoni. Alisema maisha yake yote amewaona wanaume wakileta bi mdogo, lakini huyu ni wa kwanza kuleta bi mkubwa juu ya mke aliyemkuta ndani, na tena bi mkubwa mwenyewe ananuka kuku.

Mke huyu watu walimwita Mama Sabuni, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na sufuria kubwa kama beseni la kuogea, mapipa, mizani, na ndoo ya kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni, iliyofunikwa na kuwekewa jiwe juu. Alivaa glavu za mpira na miwani mikubwa iliyomfanya afanane na chura mwenye hasira. Sabuni zake za miche zilisifika zilikofika, na mikono yake ilijua mafuta kama mikono ya mama inavyojua paji la uso la mtoto mwenye homa.

Sasa dizeli. Bei yake ilifika mahali ambapo mtu aliyejaza tangi alitazamwa kama aliyenunua manukato. Honi alianza kukataa mizigo ya mbali, kisha ya karibu, kisha akawa anakaa ndani ya Bi Mkubwa pale uani, ameshika usukani, haendi popote. Hapo ndipo Mama Sabuni alipoona kwenye simu picha za mzungu mmoja aliyevaa buti za mpira, akitengeneza mafuta ya gari kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi. Mzungu alipasha mafuta, akachanganya kostiki na spiriti kali iitwayo methanoli, akamimina humo, akakoroga, akaacha yatulie. Mama Sabuni alitazama mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Huyu anatengeneza sabuni," akamwambia mumewe. "Ila ameikosea."

Na hiyo ndiyo siri yote ya biodizeli, msomaji, wala usiende kuitafutia semina. Mama Sabuni alichohitaji kujifunza ni kuikosea sabuni kwa makusudi, jambo gumu kwa fundi kuliko linavyosikika. Mara ya kwanza mikono ilimsaliti, akatia kostiki nyingi kwa mazoea ya sabuni, na kulipokucha pipa zima lilikuwa limeganda. Walilipindua, wakalichimba kwa sepetu, na mtaa ukafulia mafuta ya gari mpaka nguo zikachoka. Mara ya pili akapima kwa mizani ya kupimia dhahabu aliyoiazima. Yakatulia vizuri: juu mafuta ya rangi ya asali, chini uji mzito wa kahawia uitwao gliserini, ambao aliufungulia bomba la chini, akauweka pembeni kwa ajili ya sabuni. Yale ya juu akayaosha kwa maji, akayaacha juani maji yakauke, akayachuja kwenye shuka kuukuu. Malighafi ilitoka jiko la chuo cha ualimu, ambako walikuwa wakimwaga mafuta machafu mtaroni na walimshukuru sana aliyekuja kuyabeba, wakidhani ana matatizo ya akili lakini ni mtu mzuri.

Habari ziliwafikia wajuzi. Kila mtaa una mjuzi wa injini ambaye hajawahi kuulizwa, na mtaa wa Honi ulikuwa nao wa kutosha kuunda serikali. Mkuu wao alikuwa fundi wa gereji ya kona, aliyejiita Daktari na kusikiliza injini kwa bisibisi iliyoegemezwa sikioni. Daktari alitamka kwamba nozeli za kupulizia mafuta zitakaangwa, pampu itakauka, na siku ya mwisho injini itafunguliwa na kukutwa imejaa kitu kama siagi. Alitamka hayo hata kwenye msiba wa jirani, akiwa kwenye foleni ya kuaga maiti.

Mkurugenzi naye akaitisha kikao cha familia. Alikuwa mtu wa vikao. Alizungumza kirefu kuhusu jina la ukoo, kisha akasema mbele ya wajomba na mashangazi wote kwamba lori hilo likifa kwa mafuta ya jikoni, yeye hatalifufua, lakini kwa moyo wa kindugu atampokea mdogo wake kazini. Ovaroli bado anayo, ya saizi yake. Wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wote wakamgeukia Honi, na Honi, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, akasema sawa. Likifa, nitarudi.

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Alipofika nyumbani Honi alimwaga dizeli ya zamani iliyobaki kwenye tangi, kwa kuwa hakutaka kuwachanganyia watu maneno: likifanikiwa, liwe limefanikiwa kwa mafuta ya mke wake peke yake. Akamimina yote yaliyokuwepo, tangi likapita nusu. Bi Mkubwa akavuta, akafikiri kidogo, akawaka. Na akawaka vizuri kuliko alivyowahi kuwaka. Mngurumo ulishuka ukawa kama wa mtu aliyeshiba anayezungumza na wajukuu. Moshi mweusi uliokuwa ukiwatia watu masizi puani ukapotea, badala yake ikatoka harufu ya chipsi.

Harufu hiyo ilileta mambo yake. Mbwa walianza kulifuata lori kwa nidhamu, mstari mmoja, kama wafanyakazi wa Mkurugenzi asubuhi. Watu waliokuwa wakisubiri kuvuka barabara walitafuta mfukoni bila kujua wanatafuta nini. Honi mwenyewe akawa anashikwa na njaa kila akiwasha injini, akaanza kunenepa, na suruali zake zikahitaji kufunguliwa mishono. Lakini alikuwa barabarani. Alibeba matofali, alibeba viti vya ukumbi, alibeba mapipa ya rangi. Usiku alilala, na mkewe alisema alikuwa akitabasamu usingizini kama mtoto anayenyonya.

Hofu ilibaki moja tu, na aliilea kimyakimya. Kila asubuhi kabla ya kupachika gia alijiuliza: ni leo?

Ilikuwa siku ya kumhamisha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi, mpana, aliyezalisha nusu ya mji na kwa hiyo hakumwogopa yeyote, maana wengi aliwaona kwanza wakiwa uchi. Nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa. Binti yake alimbembeleza ahamie kwao, naye alikubali kwa sharti kwamba kabati lake la vioo lije limesimama, si limelazwa. Likafungwa limesimama katikati ya lori kama bibi harusi, kitanda upande mmoja, mapipa upande mwingine. Honi, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa mkwewe na hakutaka aibu, alikuwa amefunga filta mpya ya mafuta siku iliyotangulia. Akajisifu kwa hilo moyoni. Wakakaa watatu mbele: yeye usukanini, mkewe katikati, mama mkwe dirishani na mkoba mapajani.

Askari wa barabarani aliwasimamisha kwenye mzunguko wa soko. Alikagua leseni kwa jicho moja, jicho jingine likitafuta. Akanusa. Akauliza wanapika nini humo ndani. Honi akaeleza kwamba hawapiki, ni lori lenyewe. Askari akamwambia asimfanye mtoto mdogo, akapanda ngazi, akachungulia chini ya viti, akafungua kisanduku cha mbele, akautazama mkoba wa mama mkwe.

"Huu una nguo zangu za ndani," mama mkwe akasema. "Nikufungulie?"

Askari alishuka. Aliwaruhusu waende, na kwenye kioo cha pembeni Honi alimwona amesimama palepale katikati ya barabara, mkono tumboni, mtu aliyedhulumiwa.

Walicheka mpaka kwenye mlima wa mahakama. Hapo Bi Mkubwa akapunguza nguvu. Honi akashusha gia. Lori likapunguza tena, likajivuta, likatetemeka, likakohoa mara kadhaa kama mzee anayetaka kusema neno kikaoni, kisha likazima. Kukawa kimya. Vioo vya kabati vililia kidogo huko nyuma, navyo vikanyamaza.

Honi aliwasha tena. Stata ilizungusha, injini ikakataa. Akawasha tena. Akawasha mpaka mkewe akamshika mkono.

Aliyazuia magurudumu kwa mawe, akafunua boneti, akasimama mbele ya injini bila kugusa kitu. Kama ungemwuliza jina lake wakati huo angekujibu ni Dereva. Aliiona ile ovaroli ya machungwa. Alikiona kijiko kikimnyooshea. Alimpigia simu Daktari, kwa sauti ambayo hata simu iliisikia kwa shida, akaeleza. Daktari, ambaye alikuwa ameisubiri simu hiyo kama watu wanavyosubiri mshahara, alimwambia asiguse chochote. Pampu imekwenda, nozeli zimekwenda, ndani kumeshakuwa sabuni. Awaachie wataalamu. Kisha akakata, na bila shaka aliyefuata kupigiwa alikuwa Mkurugenzi, kwa sababu jasho la Honi lilikuwa halijakauka lori la kuvutia magari lilipotokea chini ya mlima, likimeremeta, na Mkurugenzi mwenyewe ndani yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitu cha machungwa kilichopigwa pasi.

Alikuwa na adabu, hilo tusimnyime. Alimwamkia mama mkwe kwanza, akampa pole shemeji yake, akazunguka lori mikono nyuma kama mtu anayetembelea makumbusho. Akasema hakuja kumcheka mtu. Akasema familia ni familia. Akautundika mfuko kwenye kioo cha pembeni cha Bi Mkubwa, taratibu, ukawa unayumba.

Mama Sabuni alikuwa ameketi kwenye jiwe, uso umemwishia damu. Daktari alisema sabuni, na katika mtaa mzima hakuna aliyeijua sabuni kuliko yeye. Alikumbuka lile pipa la kwanza, lilivyoganda. Alikumbuka alivyoyaosha haya ya mwisho kwa haraka kwa sababu ya maandalizi ya kumhamisha mama yake. Akamwambia mumewe, bila kumtazama, kwamba kama ni sabuni basi ni mkono wake uliomuua Bi Mkubwa, na yeye Honi asibebe lawama mbele ya watu.

"Kama ni sabuni," mama yake akamkatiza kutoka dirishani. "Unajua ni sabuni, au umeambiwa ni sabuni?"

Binti akainua uso kutoka pale jiweni.

"Mimi nimeshaambiwa mara nyingi mtoto amekufa tumboni. Na aliyeniambia hajagusa tumbo. Huna namna ya kuyapima hayo mafuta yako?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa namna rahisi ambayo aliitumia nyumbani kila alipomaliza kuosha, na kwa hofu aliisahau kama mtu anavyosahau miwani iliyo usoni. Alinyanyuka. Akamwomba mama yake chupa ya maji ya kunywa, akayapunguza hadi nusu, akamwambia Honi achote mafuta kutoka kwenye tangi na kujaza nusu iliyobaki. Akafunga kizibo, akaitikisa ile chupa kwa nguvu kama anamkung'uta mwizi. Alieleza huku akitikisa, na sauti yake ilitetemeka pamoja na chupa: yakiwa na sabuni, maji na mafuta yatashikana, yatakuwa uji mweupe usioachana. Yakiwa safi, yataachana. Kisha akaiweka chupa juu ya bampa na wote wakainama mbele yake, hata Mkurugenzi, aliyesahau kwamba yeye yuko upande mwingine.

Mwanzo ilikuwa nyeupe yote. Wapita njia wawili walisimama wakainama pia, bila kujua wanaangalia nini, kwa kuwa chupa inayoangaliwa na watu wengi kiasi kile haiwezi kuwa chupa ya bure. Kisha chini kabisa pakatokea utepe mwembamba, kama mpaka uliochorwa kwa wembe. Utepe ukapanda. Maji yakakaa chini, yana ukungu kidogo lakini ni maji. Mafuta yakakaa juu, ya rangi ya asali, na kati yao hapakuwa na kitu.

"Si sabuni," Mama Sabuni akasema. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akimtazama shemeji yake. Halafu akaketi tena kwenye lile jiwe.

Basi kama mafuta ni mazima, nini kimezima? Honi sasa alikuwa ameamka. Hofu ilimwachia mikono, na mikono ikakumbuka kazi. Alilegeza bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akasukuma pampu ya mkono. Hakuna kilichotoka. Akalegeza linaloingia kwenye filta. Mafuta yakaja kwa wingi. Alisimama akiitazama filta ile mpya, ya jana, aliyojisifia. Ilikuwa kitu cha mwisho duniani ambacho angekishuku. Akaifungua.

Alipoipindua, kilichodondoka hakikuwa siagi wala sabuni. Kilikuwa tope jeusi, zito, la kunata, kama lami iliyochanganywa na majani ya chai. Akalinusa. Halikunuka chipsi hata kidogo. Lilinuka dizeli, ile ya kale, iliyochacha, ya kiwanda cha vigae.

Alikwenda kwenye tangi, akafungua mfuniko, akawasha tochi ya simu akamulika ndani, jicho likiwa shingoni mwa tangi kama anayechungulia tundu la ufunguo. Siku aliyolinunua lori alichungulia vivyo hivyo na ndani kulikuwa kweusi kama chungu. Sasa aliona bati. Pale mafuta ya mkewe yalipofika, kuta za tangi zilikuwa zinang'aa, na juu ya mstari wa mafuta tu ndiko uchafu wa zamani ulikuwa bado umeng'ang'ania, ukining'inia vipande vipande, unasubiri zamu yake ya kubanduka.

"Njoo uone," akamwita mkewe. "Njoo uone ulichofanya."

Mama Sabuni akachungulia, na alipoinua uso alikuwa na alama ya duara nyeusi kuzunguka jicho. Alianza kucheka. Alicheka akashika tumbo, kisha akamshika mumewe, kisha akamweleza mama yake kwa kukatakata maneno: hayakuua, yaliosha. Miaka yote ya uchafu uliogandamana humo ndani, ambao dizeli iliupitia juu bila kuusumbua, mafuta yake yameubandua ukutani, na wote umekimbilia kwenye filta ukaziba.

Mama mkwe hakuona ajabu yoyote. Alisema tangu akiwa mdogo binti huyu hawezi kuacha kitu kichafu, alimwogesha hata kuku, na kama lori limepewa kinywaji na mtu kama huyo lilitegemea nini.

Kilichobaki ni filta nyingine, na hapo mlimani hapakuwa na duka. Kulikuwa na lori la kuvutia magari. Honi alimgeukia kaka yake. Malori yote ya Mkurugenzi yalikuwa ya aina moja, ili sare zifanane na bodi, na Honi alimchagua Bi Mkubwa wa aina hiyohiyo kwa kuwa ndiyo aliyoizoea.

"Kaka," Honi akasema, na watu waliokuwepo husimulia kwamba kwa mara ya kwanza walimsikia bila kusogea karibu. "Una filta?"

Mkurugenzi alikohoa. Alisema anazo, lakini za kampuni, kuna utaratibu, vitu vya stoo havitoki hivihivi. Alikuwa anaelekea kwenye dira na dhamira wakati mama mkwe alipofungua mlango, akashusha mguu mmoja kwenye ngazi.

"Wewe nilikutoa kwa shida sana," akamwambia. "Kichwa kikubwa. Mpe mwenzio filta. Mpe mbili."

Zilitoka mbili. Mkurugenzi alizileta mwenyewe, akapokea shukrani akiangalia pembeni, na aliporudi kwenye lori lake alipitia kwenye kioo cha pembeni akaubeba mfuko wake, akaukunja na kuuweka kwapani kama gazeti lililosomwa.

Honi alifunga filta, akalegeza nati ya kutoa upepo, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na mafuta yakatoka yamenyooka. Akakaza. Akapanda. Mkewe akashika dashibodi kwa mikono miwili. Stata ilizungusha, ikazungusha, injini ikapiga chafya moja kubwa, ikatikisika yote, ikawaka. Harufu ya chipsi ikapanda mlima.

"Mtoto amelia," mama mkwe akasema, akafunga mlango. "Twendeni."

Mkurugenzi aliwafuata nyuma kwa mwendo mrefu. Huenda alikuwa anakwenda upande huo, huenda alikuwa anasubiri. Honi alimwona kiooni, akatazama mbele, akamwona tena, kisha akasahau kutazama. Kwenye njia panda ya kiwanda cha maziwa lori la kumeremeta likakata kushoto na kupotea. Mama Sabuni alikuwa ameshaanza hesabu zake kwa sauti: atahitaji boksi zima la filta, na tangi litabidi lifunguliwe na kusuguliwa, kwa nini hawakulisugua kabla, na nani amewahi kuvaa nguo safi bila kuoga, wao wawili wana akili gani. Honi aliitikia kila neno. Angeitikia hata angeambiwa yeye ndiye kuku.

Mama mkwe alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mkoba umekumbatiwa.

Walipokaribia mtaani, mahali pa tambarare penye kivuli cha ukuta wa shule, Bi Mkubwa alipunguza nguvu. Alijivuta, akatetemeka, akakohoa. Honi alimwachia akateleza taratibu mpaka pembeni, na alipozima kabisa alikuwa ameshapiga taa za tahadhari na kuvuta breki. Mkewe alimtazama. Yeye alikuwa anakunja mikono ya shati huku akipiga mluzi.

Akachukua spana na ile filta ya pili, akashuka, akafunga mlango polepole kwa kusukuma kwa nyonga ili usigonge. Aliichomoa iliyoziba, akaimwaga, na tope lililotoka lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Akamwonyesha mkewe kupitia kioo cha mbele, akiinua kama mtu anayeonyesha samaki. Mkewe akatoa kichwa dirishani, juu ya mama yake, akanong'ona kwamba na mikono yake hiyo asije akaishika shuka ya mtu usiku.

Mbwa wa shule alikuja akaketi karibu, akisubiri chipsi. Honi akamwambia hakuna, akafunga nati ya mwisho, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo haikufaa tena kwa lolote, akapanda. Injini iliwaka kwa mkupuo wa kwanza. Mama mkwe hata hakuamka.